Wakili wa kiwanja sio mgonga muhuri: mwongozo kamili wa kumpata wakili wa kununua au kuuza ardhi Tanzania

Dada yangu alinunua kiwanja Chanika kwa milioni 12, na wakili alikuwepo. Naanza na hilo kwa sababu kila nikisimulia hii habari mtu wa kwanza anauliza "sasa kwanini hamkutumia wakili?" Tulitumia. Aliletwa na dalali siku ya Jumamosi, tukakaa kwenye mgahawa, akatoa karatasi mbili zilizoshaandikwa, akajaza majina, watu wakasaini, akagonga muhuri, akachukua laki yake akaondoka. Miezi nane baadae wakaja ndugu watatu wa yule muuzaji na karatasi ya mahakama ya mirathi, msimamizi ni kaka yao mkubwa, yule aliyetuuzia ni wa mwisho kuzaliwa na hakuwa na ruhusa ya kuuza hata futi moja. Kesi ikaenda Baraza la Ardhi na Nyumba. Tulipomtafuta wakili akasema "mimi nilishuhudia saini tu." Na alisema kweli! Hakuna mtu aliyempa kazi ya kuchunguza chochote, alilipwa kushuhudia saini akashuhudia.

Kwahiyo ndugu zangu, hii yote nitakayoandika hapa inazunguka jambo hilo moja. Kuna wakili anayeshuhudia saini, na kuna wakili WAKO, anayekufanyia kazi wewe kuanzia kabla hujatoa shilingi mpaka jina lako linaingia kwenye daftari la Msajili wa Hati. Ni kazi mbili tofauti, bei tofauti, na hata sheria ya makamishna wa viapo (ndio hao wanaoshuhudia saini na kugonga muhuri) inazitenganisha, maana kamishna wa viapo haruhusiwi kutumia mamlaka yake kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe ni wakili wa upande mmoja. Ukimuona wakili mmoja anafanya vyote, kwa mnunuzi na kwa muuzaji na muhuri juu, jua hapo wewe huna wakili.

(Naongelea Tanzania bara. Zanzibar wana sheria zao za ardhi na mawakili wao, usichanganye.)

Kwanza jua unanunua kitu gani

Wakili anayekufaa anategemea aina ya ardhi, so kabla hujamtafuta muulize muuzaji ana karatasi gani. Kama ana hati, yaani hatimiliki iliyosajiliwa ya miaka 33, 66 au 99, hapo kazi kubwa iko ofisi ya ardhi na kwa Msajili. Kama ana barua ya ofa tu, ujue umilikishaji haujamalizika, kuna hatua zimebaki na huenda kuna madeni ya pango la ardhi miaka na miaka. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi, ni ile ya maeneo ambayo hayajapangwa, haina nguvu ya hati. Halafu kuna viwanja visivyopimwa kabisa, ambavyo ndio wengi wetu tunanunua, karatasi pekee ni mkataba wa mauziano wa mwenye eneo wa kwanza na muhuri wa serikali ya mtaa.

Na kuna ardhi ya kijiji, hii iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na inahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji, sio mwenyekiti peke yake kakaa chini ya mwembe na daftari. Watu wameshapoteza mashamba ya maana mahakamani kwa sababu ya kukosa ile idhini tu. Kama unanunua shamba Mkuranga au Bagamoyo na wakili wako hajui kuuliza muhtasari wa kikao cha kijiji, huyo sio wa kazi yako hata kama ofisi yake iko ghorofani mjini na kiyoyozi.

Hatua ya 1: mtafute kabla ya kishika uchumba

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Dalali anakwambia kuna mtu mwingine anakuja kesho na cash, toa hata laki tano ya kishika uchumba tukushikie. Ukishatoa umeshajifunga, na akili yako yote inaanza kutafuta sababu za kuamini kwamba kiwanja ni kizuri. Wakili akija baada ya hapo anakuwa kama daktari aliyeitwa kwenye msiba.

Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, vinginevyo huwezi kuusimamisha mahakamani, kwahiyo ile laki tano uliyotoa kwa mdomo, au kwa muamala wa simu bila karatasi yoyote, kuirudisha ni mateso. Kama lazima utoe kitu basi wakili aandike karatasi moja inasema hela inarudi yote kama upekuzi (kukagua kumbukumbu za kiwanja kwa Msajili) ukionyesha tatizo. Muuzaji mwenye nia njema anakubali hiyo sentensi. Anayekasirika amekupa jibu bure.

Hatua ya 2: tafuta aliye karibu na kiwanja, sio karibu na kwako

Watu hawalijui hili. Unakaa Dar unanunua Mwanza, unamchukua wakili wa Dar kwa sababu mlisoma wote. Shida ni kwamba tangu 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi na mafaili mengi yanashughulikiwa huko huko, na wakili ambaye hajawahi kukanyaga ile ofisi atakuwa anapiga simu tu na kutuma vijana. Wa pale pale anajua faili linakaa wapi, anajua afisa ardhi wa halmashauri, anajua mtaa gani una mgogoro.

Na anajua historia, hii ndio inaokoa. 2017 nyumba za watu zilibomolewa kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara ya Morogoro, na kabla ya hapo Desemba 2015 zilibomolewa za bonde la Msimbazi. Humo walikuwemo watu waliojenga kwa jasho lao na mikataba yenye mihuri wanayo mpaka leo kwenye mabahasha. Mkataba wa mauziano hauonyeshi hifadhi ya barabara. Ramani ya mipango miji ndio inaonyesha, na wakili wa eneo husika anajua kabisa mstari unapita wapi au anajua nani wa kumuuliza.

Majina uyapate wapi? Waulize waliojenga jirani na pale, sio waliouza. Uliza "hati yako imetoka kwa jina lako? nani alikushughulikia? ilichukua muda gani?" Aliyepata hati mkononi ana ushahidi, aliyebaki na mkataba tu hana cha kukusimulia. Ofisi za mikopo ya nyumba za mabenki nazo zinafanya kazi na mawakili wa ardhi kila siku, unaweza kuuliza. Jina usichukue kutoka kwa dalali, hata awe shemeji yako. Simaanishi madalali wote ni wabaya, wapo wanaoheshimu kazi yao, ila dalali analipwa biashara ikikamilika na wakili wako wakati mwingine kazi yake ni kusema biashara hii iishie hapa. Ukichukua wakili wa dalali unategemea amharibie ulaji mtu anayemletea wateja, ni wangapi wataweza hiyo?

Hatua ya 3: hakiki kwamba ni wakili kweli

Vishoka wapo wengi sana. Muhuri unachongwa mtaani, suti inanunuliwa Kariakoo, na kuwa na digrii ya sheria hakumfanyi mtu awe wakili. Lazima awe ameandikishwa kwenye orodha ya mawakili wa Mahakama Kuu baada ya kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu, na juu ya hapo lazima awe na cheti cha kufanya kazi ambacho anahuisha kila mwaka, kinaisha Desemba 31. Wakili asiyehuisha cheti haruhusiwi kufanya kazi hata kama ana miaka ishirini kwenye fani, na karatasi zake zinaweza kukuletea balaa.

Unafanya hivi: ingia kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, tafuta kwa jina au namba yake ya uwakili, uone anaruhusiwa kufanya kazi au la. Ni bure, unafanya kwenye simu ukiwa kwenye daladala. Muombe namba yake bila aibu, wakili halali anaitaja kama wewe unavyotaja namba yako ya simu.

Ila usiishie hapo, kishoka mjanja anaazima jina la wakili halisi. Nenda ofisini kwake, ofisini kabisa, usikubali mikutano ya mgahawani na kwenye gari. Angalia cheti ukutani, linganisha jina na kitambulisho cha NIDA, na kama bado una wasiwasi piga simu Tanganyika Law Society (chama cha mawakili wa Tanzania bara) au tawi lao la mkoa uulizie ofisi ya wakili fulani iko wapi, kisha uone kama ndio hiyo uliyokaa.

Hatua ya 4: kaa nae, muulize

Mkutano wa kwanza usiwe wa kusaini kitu. Nenda na nakala za karatasi za muuzaji, umuachie aongee. Mimi sasa hivi namsikiliza kwanza anauliza nini kabla hajaniambia bei. Wakili wa ardhi anayejua kazi atauliza muuzaji ameoa au ameolewa, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mtu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzi wake, na kama ana wake wawili swali linaongezeka. Atauliza muuzaji alikipataje, kununua, kurithi au kugawiwa. Akisikia kurithi ataomba barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na sio barua ya kikao cha ukoo. Atauliza nani anakaa pale sasa hivi. Swali la mwisho ni dogo lakini lingemuokoa dada yangu, maana kulikuwa na mama mpangaji kwenye banda la pembeni ambaye angetuambia kwa dakika mbili kwamba kodi anampa kaka mkubwa.

Akianza na bei kabla ya hayo maswali, endelea kutafuta.

Wewe nawe muulize: mwaka huu umeshahamisha hati ngapi kwenye wilaya hii? Upekuzi utaenda wewe au utatuma kijana? Kuna mtu yeyote kwenye biashara hii unamjua, muuzaji, dalali, benki? Nikipata shida nampigia nani, wewe au karani? Biashara ikivunjika katikati nakulipa kiasi gani? Majibu yasiwe ya kuzunguka. Na akikwambia "usijali kila kitu kitakuwa sawa, wiki mbili hati unayo" ogopa, anayejua ofisi za ardhi hawezi kukuahidi tarehe ya hati, anakwambia hatua ngapi zipo na ipi huwa inakwama.

Hatua ya 5: bei na barua ya kazi

Kuna kanuni za malipo ya mawakili za 2015, na malipo ya kazi za ardhi yanahusishwa na thamani ya mali, sio kukisia kutokana na gari ulilokuja nalo. Muombe akuonyeshe amekokotoa vipi, mnaweza kuongea mkaelewana. Lakini hakikisha iandikwe: kazi gani zimo, kipi hakimo, kodi na ada za serikali analipa nani, na unamlipa kwa awamu zipi. Mimi naona awamu tatu zinatosha, kidogo mwanzo, sehemu baada ya upekuzi, na iliyobaki usajili ukikamilika na umeuhakiki mwenyewe. Ukimaliza kulipa yote siku ya kusaini mkataba, ile nusu ya pili ya kazi (ambayo ndio inakupa umiliki) itafanywa kwa kusuasua. Na dai risiti ya EFD.

Mtu akikwambia atafanya yote kwa laki moja ujue anauza muhuri.

Hatua ya 6: hela ya kiwanja ipite wapi

Ada za serikali zote, pango la ardhi, ada za usajili, kodi ya TRA, zinalipwa kwa kontroli namba. Wakili akikwambia "nitumie kwenye namba yangu nitakulipia" muombe akutumie kontroli namba ulipe mwenyewe, ni rahisi na risiti inakuwa yako. Hela ya muuzaji iende benki kwenye akaunti yenye jina lile lile lililopo kwenye hati na NIDA, isiende kwa dalali wala kwa mdogo wake. Kama mmekubaliana wakili aishike mpaka masharti yatimie, iwe kwenye akaunti ya wateja ya ofisi yake, sio akaunti yake ya kula na kunywa, na iandikwe itatoka lini na kwa sharti gani. Ukipokea ujumbe wa wasapu kwamba akaunti imebadilika, usitume, mpigie kwa namba uliyochukua ofisini siku ya kwanza.

Hatua ya 7: mfuatilie, ujue anafanya nini

Huhitaji kuwa mwanasheria ila ujue mpangilio, ili ukiuliza asikuzungushe. Kwanza upekuzi rasmi kwa Msajili: mmiliki ni nani, kuna rehani ya benki, kuna zuio (katazo la kukihamisha lililoandikwa kwa Msajili)? Omba nakala ya majibu yenye tarehe, na kama ni ya zamani kuliko mwezi mmoja irudiwe kabla ya kulipa maana rehani inaweza kuingia jana yake. Kisha kiwanjani, yeye au mtu wake pamoja na mpima, kuzitafuta bikoni na kulinganisha na ramani. Usicheke, kuna watu wamejenga kwenye kiwanja cha jirani wakiwa na hati safi kabisa ya kiwanja cha pili.

Baada ya hapo ndio mkataba. Uandaliwe na wakili wako, uusome wewe neno kwa neno, kama hujui Kiingereza uandikwe Kiswahili, ni haki yako. Uonyeshe nani analipa kodi gani, mwenzi wa muuzaji amesaini ridhaa, na kitatokea nini upande mmoja ukikiuka. Chini uwe na jina na anuani ya wakili aliyeuandaa, sheria ya mawakili inataka hivyo, na mtu asiyetaka kuandika jina lake kwenye kazi yake ana sababu. Kwa kiwanja chenye hati mwambie aweke zuio kwa Msajili mara tu mkishasaini, ili muuzaji asikiuze tena mnaposubiri.

Zinafuata zile fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, ya taarifa, ya maombi ya kibali na ya uhamisho wenyewe. Tathmini ya mthamini inaidhinishwa na serikali. Muuzaji analipa TRA kodi ya faida ya kuuza mali (capital gain, sio VAT), kwa mkazi ni 10% ya faida, na bila cheti cha TRA Msajili hasajili. Ushuru wa stempu kwa kiwanja cha kawaida ni kama 1%, na mkataba unatakiwa ulipiwe ndani ya siku 30 tangu kusainiwa, ukipitwa kuna adhabu, na usipolipiwa kabisa mahakama haiupokei kama ushahidi. Mwisho usajili. Mpaka usajiliwe, kwa ardhi yenye hati, wewe bado sio mmiliki, hata kama umeshajenga msingi.

Na ile asilimia 10 ya mwenyekiti wa mtaa? Haipo kwenye sheria yoyote, viongozi wa wizara wameshaikemea mara nyingi. Kiongozi wa mtaa ni shahidi mzuri, anawajua watu na anaweza kukuambia kama kuna mgogoro, mheshimu, lakini wakili anayekwambia "toa tu ndio utaratibu" hakutetei.

Kama wewe ndio unauza

Wauzaji wengi wanadhani wakili ni wa mnunuzi. Hapana, na wewe chukua wako. Kazi yake ni kusafisha faili kabla hujatangaza: pango lote lilipwe, rehani iliyokwisha ifutwe kwa Msajili, kama mali ni ya marehemu msimamizi wa mirathi asajiliwe kwanza kwenye hati ndipo auze. Halafu akupigie hesabu ya kodi. Kama umeishi kwenye nyumba yako na umeimiliki miaka mitatu au zaidi kuna msamaha pale ambapo faida haizidi milioni 15, watu wanalipa bila kujua. Hati halisi usimkabidhi mnunuzi wala dalali "akaonyeshe benki." Inakaa kwa wakili wako, kwa maandishi, mpaka hela iingie.

Kama uko nje

Wenzetu wa Muscat, Dubai, London, Minnesota, nyinyi ndio mnaumia zaidi kwa sababu mnamtumia ndugu. Mpe ndugu kazi ya kwenda kupiga video ya kiwanja, kazi ya wakili mpe wakili. Ukitoa hati ya uwakilishi iwe ya jambo moja tu, kununua kiwanja namba fulani, isiwe ya kufanya "mambo yangu yote", isainiwe mbele ya noteri au ubalozini na isajiliwe ikifika huku. Na kama umeshachukua pasipoti ya nchi nyingine, hilo liwe swali la kwanza kwa wakili kabla hujatuma hela, maana asiye raia hamiliki ardhi Tanzania kama raia anavyomiliki.

Wakili akizingua

Anza na barua, sio simu. Andika umempa kazi gani, umelipa kiasi gani, unataka nini na kwa siku ngapi. Akikaa kimya una haki ya kudai faili lako na kwenda kwa mwingine ukimlipa alichokifanya. Kama kuna hela imepotea au amekudanganya, malalamiko ya nidhamu yanapelekwa Kamati ya Mawakili, ambayo ina uwezo wa kumsimamisha na hata kuliondoa jina lake kwenye orodha, na kama ni wizi nenda polisi pia, kimoja hakizuii kingine. Ile barua ya kazi ya hatua ya 5 ndio utakayoishika mkononi siku hiyo. Dada hakuwa nayo.

Siku hati ikitoka kwa jina lako subiri kama mwezi mmoja, halafu nenda mwenyewe kwa Msajili ufanye upekuzi wa kiwanja chako, kama mtu baki anayetaka kukinunua. Ukiona jina lako, namba ya kiwanja na ukubwa vinafanana na karatasi uliyonayo, na hakuna rehani wala zuio, chukua nakala ya hayo majibu uiweke pamoja na hati, halafu ndio umlipe wakili ile awamu ya tatu.